Mazishi ya Pili ya Mzungu wa Itale

Serikali ikikukumbuka, ujue kuna kitu chako inakitaka. Mimi ilinikumbuka mwaka jana wakati wa kiangazi, kwa tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa duka. Lilisema makaburi yaliyo chini ya jiwe la Itale, huku kwetu Ilemela, yatahamishwa kupisha eneo la kuegesha magari ya watalii. Katika makaburi hayo limo la mke wangu, Mwaija.

Naomba nieleze vizuri, maana watu wa ofisini wakisimulia jambo hili hujiweka wao mbele.

Mawe ya kwetu mnayajua, yamepandana kama yaliyopangwa na mtu mlevi. Itale ndilo kubwa kuliko yote mtaani. Ukisimama chini yake unaliona ziwa mpaka macho yachoke, na meli ya Nansio ikipita unaiona tangu ikiwa kama kiberiti. Mwaija alipenda kukaa pale akipepeta dagaa wake wa kuuza. Alifariki kwa presha. Siku hiyo gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwepo stoo, ila mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Sisemi zaidi, maana nikianza hapo sitamaliza, na habari ninayotaka kuwapa ni ya kucheka.

Tulimzika pale pale alipopenda. Na pembeni yake, hatua chache tu, kuna rundo la mawe ambalo tangu nikiwa mtoto linaitwa Kaburi la Mzungu.

Mzungu huyo jina lake hakuna anayelijua. Alikuja zama za yule malkia wa Uingereza ambaye ziwa letu lilipewa jina lake bila yeye kuwahi hata kunawa uso humo. Alikuja na msafara kutoka pwani, wapagazi wengi, marobota ya nguo, shanga, vioo, na sanduku moja la chuma ambalo hakuruhusu liinuliwe mpaka yeye awepo. Alipofika Itale akafa. Alivyokufa ndipo watu tunapogombana.

Chenge, mwenyekiti wetu wa mtaa, Msukuma wa kuzaliwa na kukulia hapa, anasema mzungu aliuawa na mpishi wake. Alimchapa mpishi mbele za watu kwa sababu ya chai iliyopoa. Jioni mpishi akatia nyongo ya mamba kwenye supu ya kuku, na asubuhi mzungu alikutwa ulimi umevimba mpaka haurudi mdomoni.

Odeta, jirani yangu, Mkerewe wa Nansio aliyekuwa akiuza dagaa pamoja na marehemu mke wangu, yeye hataki habari ya supu. Anasema mzungu alimpiga risasi chatu aliyekuwa akiishi jiweni, ambaye watu walikuwa wakimwekea maziwa. Chatu yule alikuwa na mke. Wapagazi walipofungua hema walikuta viatu tu, vimepangwa vizuri, na alama ya kitu kizito kilichojiburuta kuelekea ziwani.

Sisi ukoo wetu tuna yetu. Babu wa babu yangu alikuwemo kwenye msafara ule. Alikuwa Mzaramo, mpagazi, na ndiyo sababu mpaka leo mimi Abubakary, ambaye sijawahi kuiona Dar es Salaam, naitwa Mzaramo mtaani. Babu alisema mzungu alikufa kwa homa, akitetemeka na kumwita mama yake. Damu ilimwagika baadaye. Wapagazi wawili waligombania lile sanduku, wakachomana visu, wakafa wote wawili kabla jua halijazama. Waliobaki wakalivunja. Ndani walikuta mawe. Mawe tu, mzungu aliyaokota njiani, kila moja limeviringishwa karatasi kama peremende. Basi wenzake wakakimbia, babu akabaki, akamzika yule bwana na kumrundikia mawe juu, yakiwemo yale yake mwenyewe, ili fisi wasimfukue.

Habari hii nilimpa Maige. Maige ndiye mtendaji wa kata, kijana wa Kisukuma, amesoma mpaka chuo kikuu, anavaa tai hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Alikuwa anazunguka kutafuta hadithi ya kuandika kwenye kibao cha watalii. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Mzee Abubakary, hiyo ya wapagazi kuuana ni nzuri sana," akasema. "Watalii wanapenda mauaji ya kale. Ila mawe hapana. Kwenye sanduku tuweke dhahabu."

"Dhahabu haikuwepo."

"Na homa tuiondoe. Hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kuangalia homa. Tutachukua supu ya mwenyekiti, tuongeze na dhahabu yako."

"Si yangu."

"Ya ukoo," akasema, akanishukuru, akaenda zake.

Sikujali sana. Kama wameshindwa kusema ukweli kuhusu maji ya bomba, watasema ukweli kuhusu mzungu? Lakini wiki chache baadaye likaja lile tangazo la kuhamisha makaburi yote isipokuwa la mzungu, na hapo nikajali.

Nilikwenda ofisini kwa Maige. Alinyanyuka, akaniamkia shikamoo vizuri tu, nikamwitikia marahaba. Heshima anayo. Nilimweleza kwamba mke wangu hahami.

"Mzee, marehemu atahamishwa kwa heshima zote," akasema. "Kule kwenye makaburi mapya kuna uzio."

"Ng'ombe ndiye wa uzio. Mke wangu anataka upepo wa ziwa."

"Mzee wangu, hili ni suala la maendeleo."

"Huyu mzungu alitufanyia nini cha maendeleo alipokuwa hai? Hata hamjui jina lake. Mwaija kata nzima imekula dagaa wake, wewe mwenyewe umekula, na wa kukopa. Yule asiye na jina abaki, mwenye jina ahame?"

Alicheka kidogo, akarudisha uso wa ofisi. "Kamati imeshapitisha, mzee. Hata mimi siwezi."

Hapo ndipo pabaya kwa wakubwa wetu. Ukimtafuta aliyeamua humpati. Mkubwa anasema kamati, kamati inasema juu, juu wanasema wananchi wenyewe walishirikishwa. Mimi ndiye mwananchi mwenyewe, na ninaapa sikushirikishwa.

Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kibaraza kati ya karabai zangu mbovu. Nilikuwa fundi wa karabai za wavuvi wa dagaa, kabla ya taa za betri kuja na kunifanya fundi wa kumbukumbu. Nilikuwa nimenuna hivyo siku nyingi, na Odeta alishaacha kunisalimia kwa upole.

"Shemeji, uso huo ukikaa nao sana utaganda," alinambia akipita na beseni lake.

"Mwenzio anafukuliwa, wewe unacheka."

"Yeye angekuwepo angecheka kwanza, halafu ndiyo angempiga mtu."

Siku zikaenda. Kisha Chenge akaja kwangu, amevaa koti. Chenge na mimi hatujawahi kusalimiana kama watu. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Wao walipobeba mizigo kwenda pwani walilala kwetu, wetu walipokuja bara walilala kwao, na ugomvi wote wa njiani ukageuzwa mzaha. Mtani anaweza kuingia kwako akakamata kuku, akakuita jina la ovyo mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Mzaramo, bado unapumua?" Chenge akasema.

"Nasubiri wewe utangulie, Ngosha, nije kula ng'ombe wako," nikamjibu, maana Msukuma yeyote mtaani tunamwita Ngosha.

Akakaa. Akaniambia mambo yamepamba moto. Watalamba sifa mkoa mzima. Wataalamu wamefukua lile rundo, wamekuta mifupa michache, kisigino cha kiatu na kifungo cha shaba. Maige ameona kubandika kibao peke yake haitoshi. Mgeni rasmi atakuja na watalii watakuja, kwa hiyo mzungu azikwe upya, kwa jeneza, mchungaji, turubai na chakula.

"Atazikwa Kizungu?" nikauliza.

"Hapana. Tumeona Uzungu wake umeshapita. Tumekaa wazee, ukoo wetu umemchukua. Atazikwa Kisukuma, na jina tumempa, Maduhu. Mimi ndiye mfiwa mkuu. Maige ndiye msimamizi wa msiba, naye ni mtoto wa ukoo huo huo."

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama ziwa.

"Ngosha," nikasema taratibu, "kwa hiyo siku hiyo hapo Itale kuna msiba wa Kisukuma."

"Msiba kamili."

"Na maiti ni wa kwenu."

"Wa kwetu kabisa. Mbona unauliza kama polisi?"

Nikaangua kicheko. Tangu Mwaija afariki sikuwa nimecheka hivyo. Kama wangebandika kibao tu na kukata utepe, nisingekuwa na pa kushika. Lakini wao, kwa kupenda sifa, walikuwa wamefanya msiba, na msiba wa Msukuma bila mtani wake haujakamilika. Msibani mtani ana haki ambazo hata mahakama haina. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamwigiza anavyotembea na anavyokoroma. Anaweza kuingia kaburini na kulala humo, na jeneza halishuki mpaka wafiwa wamkomboe kwa anachotaka.

Chenge alipoondoka alinigeukia akiwa mlangoni. "Usichelewe siku hiyo," akasema. Mpaka leo sijui kama mzee yule alijua alichokuwa akinipa. Nikimuuliza anabadili mazungumzo, ananiomba chumvi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Odeta kumwomba unga wa muhogo.

"Wa ugali?"

"Wa uso."

Nilipomweleza aliketi chini akacheka mpaka kitenge kikalegea. Kisha akaingia ndani, akatoka na koti jeupe la marehemu babake aliyekuwa katekista, na kofia ya pama iliyoliwa na panya ukingoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Turubai la bluu, viti vya plastiki, spika mbili kubwa, sufuria za pilau zinafuka. Watalii walikuwepo, wamejipaka mafuta ya jua. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene wa kutoka mkoani, anaitwa Dorotea, Mnyamwezi wa Tabora. Jeneza lilikuwa dogo, limefunikwa kitambaa cheupe. Kando yake kilisimama kibao kipya chenye picha ya sanduku la dhahabu.

Maige alishika kipaza sauti, akasimulia habari ya supu na nyongo ya mamba. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima. Alipofika kwenye ulimi kuvimba, mtalii mmoja wa kike akashika shingo yake. Halafu mchungaji akaomba, na vijana wanne wakaliinua jeneza kwenda kaburini.

Wakasimama. Mmoja akasema, "Mbona ndani kuna mtu?"

Nilikuwa nimejificha nyuma ya jiwe, na watu walipofumba macho kwa maombi nikateremka, nikalala chali kaburini, uso mweupe pe kwa unga, kofia kifuani, miguu nimeipandanisha mmoja juu ya mwingine. Watu wakasogea. Wanawake wa mtaa waliponitambua wakapiga vigelegele, na Wasukuma wazee wote wakaanza kupiga makofi. Nikainuka nusu.

"Nani mnamleta humu?" nikauliza kwa sauti ya puani. "Mimi ndiye Maduhu. Nimeshajaa."

Watalii walishika simu zao wakawa wanapiga picha. Maige alikuja mbio mpaka ukingoni, jasho limemlowesha tai.

"Mzee Abubakary, toka humo, tafadhali."

"Abubakary ndiye nani? Mimi mzungu, nilikuja na sanduku."

"Mgambo," Maige akaita. Mgambo akasogea hatua moja.

Chenge akainua fimbo yake. "Mtani akikaa kaburini hatolewi na mgambo," akasema. "Ukimtoa kwa nguvu umevunja utani, Maige. Na siku utakayokufa wewe nani atakucheka? Utazikwa kimya kama mbwa wa njiani."

Wazee wakaguna kukubali. Mgambo akarudisha hatua yake.

"Maduhu," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "hebu tuambie leo leo, nani alikuua?"

"Kamati," nikasema. "Niliomba dawa ya homa, wakakaa kikao. Walipomaliza kunywa chai ya kikao nikawa nimekufa. Mpishi msimsingizie, supu yake ilikuwa nzuri, haikutosha chumvi tu."

Mama Dorotea alicheka akashika mbavu. "Na dhahabu je?"

"Mama mkubwa, kama ningekuwa na dhahabu ningekuwa bado ninatafutwa na watu wa kodi. Nilikuwa na mawe. Nilitoka Ulaya kote huko kufuata mawe, nikafia Mwanza, ambako yanapatikana bure."

Wakacheka mpaka mchungaji akageukia pembeni. Maige akachuchumaa, akatoa noti mfukoni, akaninyooshea. Ndivyo watu wanavyokomboa. Nikazipokea, nikazirushia upande wa Odeta.

"Hizo za maji ya kunywa," nikasema. "Bado sijakombolewa."

"Unataka nini, mzee?" Sasa aliuliza taratibu.

Nilikuwa nimejipangia maneno mengi ya kuchekesha. Nilipoangalia pembeni nikaliona kaburi la Mwaija, limechorewa alama ya rangi nyekundu na watu wa vipimo, maneno yakanipotea. Nikasema yaliyobaki.

"Mimi Maduhu nimelala hapa peke yangu miaka mingi sana," nikasema. "Sina mke, sina ndugu, mbwa wakipita wananikojolea. Majuzi nikapata jirani. Mama wa watu, mcheshi, anajua habari zote za mtaa. Sasa mnamhamisha ili nilale na magari. Nani kawaambia napenda magari? Enzi zangu hayakuwepo. Jirani yangu akihama, nami sizikwi. Mtakula pilau lenu na jeneza mtarudi nalo ofisini mkalifanyie kabati."

Spika zilikuwa zinakoroma. Wanawake wa dagaa hawakucheka. Odeta alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye unga.

Maige akasema kwa sauti ya ofisi, "Suala la maegesho lilishapitishwa na..."

"Maige," Mama Dorotea akamkatiza, "Mnyamwezi na Mzaramo nao ni watani. Nikishuka humo kaburini na mimi, mtatuinua kwa winchi. Mkomboe maiti wako, jua kali."

Kijana yule alibaki amechuchumaa. Akanitazama, mimi nikamtazama kwa uso wangu wa muhogo. Halafu, polepole, akalegeza tai, akaivua kabisa, akaitia mfukoni.

"Mzaramo wewe," akasema, na sauti haikuwa ya ofisi tena, ilikuwa ya nyumbani kwao Kwimba. "Ninyi mlibeba mizigo ya watu mkaishia kucheza ngoma njiani. Hata kufa hujui. Maiti gani analala na ndala?"

Watu wakalipuka. Nikatazama miguu yangu, kweli nilikuwa na ndala.

"Na wewe Msukuma," nikamwambia, "shahada yote hiyo, umeshindwa kumtofautisha mzungu na fundi karabai."

"Nimekutambua kwa ukondefu. Wazungu wanakula."

Hapo nikajua nimempata. Mtu akishakujibu utani ameingia kwenye utani, na aliyeingia lazima akomboe. Yeye mwenyewe alijua. Alisimama, akajipangusa magoti, akaenda kwenye kipaza sauti.

"Ukoo umekubali," akasema. "Magari yataegeshwa kwenye uwanja wa ofisi yangu kule chini. Watalii watapanda kwa miguu, wana miguu. Makaburi yote ya hapa hayaguswi. Mwenyekiti ni shahidi, mgeni rasmi ni shahidi, na huyu maiti ni shahidi."

"Na rangi nyekundu?" nikauliza kutoka shimoni.

"Itafutwa leo."

"Na nani?"

Akavuta pumzi. "Na mimi."

Nikatoa mkono nje ya kaburi. Maige akaupokea, tukashikana sawasawa. Lakini sikutoka, maana mtani akishakombolewa kazi yake ndiyo inaanza. Yeye ndiye anayezika. Nilivua kofia, nikawaambia vijana walishushe jeneza, nikalipokea kwa mikono yangu. Lilikuwa jepesi kuliko beseni la dagaa. Nikawaza kwamba babu wa babu yangu alimpokea mtu huyu huyu mahali hapa hapa akiwa na uzito wake wote, na hakuwa na turubai wala pilau. Nikalilaza vizuri upande wa kichwa. Maige akanivuta juu, tukatupia udongo, na wazee wakarudisha mawe.

Kibao cha dhahabu kilibaki. Sikupigana nacho. Mtu hawezi kupata yote kwa kofia moja ya pama.

Kabla ya chakula, Maige aliomba kopo la tina ya kuondolea rangi na kitambaa, akapiga magoti kwenye kaburi la Mwaija akaanza kusugua. Watu walikuwa wanaelekea kwenye pilau, lakini walipomwona walisimama, kisha wakarudi mmoja mmoja. Wanawake wa dagaa wakakaa kwenye nyasi. Shehe wetu, aliyekuja msiba wa mzungu kwa ajili ya wali tu kama sisi wote, akasema kwa kuwa tuko hapa basi tumwombee na mama huyu. Chenge Mkatoliki, Odeta Mkatoliki, Mama Dorotea sijui dhehebu gani, wote wakainua mikono. Maige naye aliinua ya kwake, ina tina mpaka viwiko.

Nikamnong'oneza Odeta kwamba ninataka kwanza kwenda kunawa, siwezi kusimama mbele ya mke wangu na uso wa namna hii.

"Kaa hapo, shemeji," akasema. "Ameshakuona na sura mbaya kuliko hiyo."

Nikakaa, nikaitikia amina.